Filamu darasani: kufundisha tamaduni za watu kwa kipande cha dakika sita

Mwanafunzi wa kidato cha pili pale Uyole au Mafinga ameshaona mengi kabla hujaingia darasani. Kwenye kibanda umiza ametazama filamu za Kihindi zilizotafsiriwa na DJ, nyumbani king'amuzi kinamletea tamthiliya za Kikorea na Kituruki, na Bongo movie anazijua kwa majina ya wasanii. Maoni anayo tayari: Wanaijeria ni watu wa uganga, Wakorea wote wana magari mazuri, Mmasai ni mlinzi wa geti, Mhehe ana hasira za haraka. Aliyafundishwa na skrini, tena bila kujua kwamba anafundishwa.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sekondari mwenye wanafunzi 50 hadi 70, projekta ya kuazima na vipindi viwili mfululizo vya dakika 40. Unaingia kwenye Historia ya Tanzania na Maadili, kwenye Kiswahili, kwenye Jiografia, au kwenye klabu ya Jumamosi. Kabla ya yote shika hili: usionyeshe filamu nzima. Kwenye filamu nzima mwanafunzi hufuata kisa, yaani nani atamwoa nani na nani atakufa, na namna watu wanavyosalimiana, wanavyozika na wanavyogawana chakula inapita nyuma yake kama ukuta. Ukimuuliza mwishoni atakusimulia kisa, basi. Kipande cha dakika tano hadi nane, kikitazamwa mara mbili na kuzungumzwa saa nzima, kinamlazimisha autazame ukuta.

Anza na karatasi, filamu baadaye

Wiki moja kabla ya somo mpe kila mwanafunzi robo ya karatasi ya daftari. Asiandike jina wala kabila. Ajibu maswali matatu: kwenu mtoto humsalimu babu vipi asubuhi, msibani hupikwa nini, na nani hupika, na ni jambo gani mkamwana haruhusiwi kulifanya mbele ya wakwe. Dakika kumi zinatosha.

Ukizisoma jioni utakuta mali. Shikamoo itakuwa nyingi kuliko zote, lakini "kamwene" ya Iringa na Njombe itakuwemo, na "ugonile" ya Rungwe na Kyela. Kwenye swali la tatu huenda ukakuta mtoto aliyemsikia bibi yake akizungushazunguka neno la kawaida kabisa kwa sababu linafanana na jina la baba mkwe. Desturi hiyo ya zamani ya Wanyakyusa, mkamwana kutokutana uso kwa uso na baba mkwe wala kutamka jina lake, ina ndugu yake kwa Waxhosa wa Afrika Kusini, ambako huitwa hlonipha. Weka karatasi hiyo pembeni. Utaihitaji.

Kwa nini karatasi badala ya kunyoosha mikono? Ukisema "Wasukuma simameni", umemfanya mtoto mmoja wa mfugaji wa Usangu kuwa msemaji wa watu mamilioni, na ugomvi wa wakulima na wafugaji umeufungulia mlango. Karatasi isiyo na jina inaleta tofauti darasani bila kumweka mtu kizimbani. Inaonyesha pia jambo ambalo walimu wengi hulisahau: wanaoitwa kabila moja nao hawafanani. Wa Kyela bondeni na wa Tukuyu mlimani, wa mjini na wa kijijini, Mmoravian na asiye Mmoravian, hawatakujibu sawa.

Kuchagua filamu

Filamu inayofaa ni ile ambayo nusu yake wanafunzi wanaifahamu na nusu nyingine inawashangaza. Ikiwa ngeni yote wataangalia kama maonyesho ya sarakasi. Ikiwa ya kwao yote hawataona kitu.

Kwa shule za Mbeya, Kyela na Tunduma, ya kuanza nayo ni The Boy Who Harnessed the Wind ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor, inayosimulia habari ya kweli ya William Kamkwamba wa Malawi wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Jembe wanalijua, mahindi wanayajua, ada iliyoshindikana wanaijua. Lugha ni Kichewa na Kiingereza, na hapo pana raha yake: mwambie kila mmoja aandike maneno ya Kichewa aliyoyanasa bila msaada. Atakuletea njala, nyumba, mvula, pengine na mphepo. Mtoto anayegundua kwamba amesikia "njala" kwa lugha ya watu asiowajua ameshajifunza jambo kuhusu Kibantu kabla hujaandika neno Kibantu ubaoni.

Filamu hiyo ina mtego mzuri pia. Wanafunzi wa Kyela waliowahi kuvuka Kasumulu kwenda Karonga watasema Malawi wanaijua. Wanawajua Wangonde, ambao lugha yao ni jirani kabisa na Kinyakyusa. Kamkwamba anatoka Wimbe, Kasungu, kwa Wachewa, katikati ya nchi. Ukiwaachia wabishane hapo dakika tano watajikuta wamesema wenyewe kwamba nchi moja si utamaduni mmoja.

Black Panther ya 2018 wengi wameshaiona, na wengi wanaamini Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, ipo kweli mahali fulani. Ndiyo inayofaa kwa somo la kuchambua mavazi. Ruth E. Carter, aliyepata Oscar ya mavazi mwaka 2019 kwa kazi hiyo, alichukua vitu kutoka pande nyingi za Afrika: mablanketi ya Wasotho, kofia pana ya wanawake wa Kizulu, wekundu wa Wamasai kwenye sare za walinzi wa kike, udongo mwekundu ambao Wahimba wa Namibia hujipaka, kisahani cha mdomo kama cha Wamursi wa Ethiopia. Lugha inayozungumzwa ni Kixhosa. Sasa toa ile karatasi ya mkwe, maana hlonipha ni ya hao Waxhosa. Kuhusu mablanketi, Lesotho ni nchi ya milima yenye baridi kali. Mwanafunzi wa Makete hahitaji kuelezwa kwa nini mtu atoke na blanketi mabegani. Muulize tu kwa nini mbunifu aliwavisha watu wa mpakani mwa Wakanda vazi hilo, na kwa nini vitu vya watu wanaoishi mbali hivyo vimekusanywa kwenye nchi moja ya kubuni. Je, kuna anayepoteza hapo, au wote wamepandishwa daraja? Majibu yanatofautiana, na yaache yatofautiane.

Kwa kidato cha tatu na kuendelea, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, inawapeleka Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi, na Denge, kijana mpigania uhuru, wanapendana katikati ya mji ambao Mhindi, Mwarabu, Mswahili na Mwingereza kila mmoja ana mahali pake pa kukaa. Kiswahili chake ni cha Unguja, na wanafunzi wa nyanda za juu husikia tofauti mara moja. Ina matukio ya mapenzi, kwa hiyo chagua kipande chako kwa uangalifu na usimwachie kiranja kidhibiti.

Usividharau vichekesho vya Kibongo. Huko ndiko lafudhi ya Mhehe, ya Msukuma na ya Mmakonde inakochekewa kila wiki, na dakika tatu za kichekesho zinaweza kuzaa mjadala mkali kuliko filamu ya Hollywood. Lakini usianze navyo. Anza na Malawi, rudi nyumbani wiki ya tatu, wakati darasa limeshazoea namna ya kutazama.

Na The Gods Must Be Crazy ya 1980, ambayo watu wazima wengi wanaikumbuka kwa kicheko, ihifadhi kwa kidato cha tano na sita. Ilitengenezwa na Jamie Uys wa Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi, na inawaonyesha Wasan, wawindaji wa Kalahari, kama watoto wakubwa wasiojua chupa ni nini. Kwa wanafunzi wanaoweza kuuliza "aliyeshika kamera ni nani?" ni somo la hali ya juu. Kwa kidato cha kwanza ni kicheko tu, na kicheko hicho ni kibaya.

Kuhusu nakala: epuka flashi ya kurushiwa kibandani. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na shule ndiyo mahali pa mwisho pa kufundisha wizi wa kazi ya msanii. Nunua au lipia kwenye huduma halali, soma masharti yake ya kuonyesha kwa kundi, usitoze kiingilio. Mwambie mkuu wa shule kwa maandishi utaonyesha nini na dakika zipi, na angalia filamu imewekwa kwenye daraja gani la umri. Mzazi akilalamika, karatasi hiyo itakusaidia kuliko maelezo ya mdomo.

Tazama mwenyewe kwanza, mara tatu

Mara ya kwanza tazama filamu yote bila kuandika. Mara ya pili kaa na daftari la dakika, yaani ukurasa wenye safu nne: kuanzia hadi kuishia; kinachoonekana; neno au kitu kitakachohitaji maelezo; hatari. Kwenye safu ya hatari andika kila kitu kinachoweza kukuvurugia darasa: busu, tusi, damu, sala ya dini fulani, mtu aliyejinyonga. Mara ya tatu tazama kipande ulichokichagua peke yake, bila sauti. Kama bila sauti huoni chochote cha kuuliza, kipande hicho ni cha maneno matupu, tafuta kingine.

Programu ya VLC inatosha kwa kazi yote. Ctrl+T inakupeleka kwenye dakika unayoiandika. Herufi E inasogeza picha moja moja, nzuri kwa kutazama vazi au mkono wa anayesalimu. Shift+S inapiga picha ya kilichopo kwenye skrini. Piga picha nne au tano za kipande chako, zichapishe kwenye A4. Hizo ndizo akiba yako umeme ukikatika, na makundi yatazihitaji hata usipokatika. Maandishi ya chini yakiwahi au yakichelewa, G na H huyarudisha kwenye mstari. Yasipotokea kabisa, mara nyingi faili la maandishi hayo (.srt) halijapewa jina lilelile la filamu, au liko kwenye folda nyingine.

Vifaa

Somo zuri hufa kwa waya. Siku moja kabla, unganisha kila kitu kwenye chumba kilekile utakachotumia, na vifaa vilevile.

Picha yenye upana wa mita 2 ina kimo cha mita 1.1 hivi. Mtu anayesoma maandishi ya chini asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo hicho, yaani karibu mita 6.5. Darasa lenye urefu wa mita 9 likitazama ukuta mfupi, safu mbili za nyuma hazisomi kitu, na hizo ndizo zitakazopiga kelele. Dawa ni kugeuza madawati: weka picha kwenye ukuta mrefu, kina cha darasa kipungue. Safu ya kwanza ianze mita 2 kutoka ukutani. Televisheni ya inchi 43 ina kimo cha nusu mita na ushee, hivyo hutumikia watu waliokaa ndani ya mita 3 tu. Kwa wanafunzi 25 inafaa. Kwa 60, ni afadhali uwagawe mara mbili kuliko wasukumane.

Ukuta uliopakwa rangi nyeupe unashinda shuka. Kama ni lazima shuka, ipige pasi, ikunje iwe mbili ili mwanga usipite, na ifunge mbao chini isiyumbe. Projekta ya mwanga wa lumeni 3000 haishindani na jua la Mbeya la saa nne. Huna haja ya kuziba madirisha yote: ziba yale yanayotupa mwanga kwenye picha, kwa mablanketi ya bwenini, na yale ya nyuma ya wanafunzi yaache wazi kidogo wapate hewa.

Sauti ndiyo inayoharibu zaidi. Shule nyingi zina sabufa, na sabufa imetengenezwa kwa muziki: mdundo unameza maneno. Punguza besi mpaka karibu na mwisho, ongeza trebo, na vile vispika vidogo viinue juu ya meza vifike usawa wa masikio, kimoja kila upande. Kisha kuna mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ya mchana ikipiga bati, hakuna spika itakayoishinda. Weka somo asubuhi. Rungwe, ambako mvua haina adabu ya majira, andaa kipande ambacho kinaeleweka hata bila sauti.

Umeme ukikatika ghafla usiwashe projekta papo hapo utakaporudi. Taa yake ilikuwa ya moto na feni imesimama. Ipumzishe robo saa. Ukimaliza somo, zima kwa kitufe, acha feni izunguke mpaka isimame yenyewe, ndipo uchomoe. Jenereta inayopanda na kushuka iunganishe kupitia stebilaiza. Na kama utatumia televisheni kwa flashi, ujue televisheni nyingi huonyesha picha na kukataa sauti ya baadhi ya mafaili, na flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Waya wa HDMI kutoka kwenye kompyuta mpakato hukuondolea shida zote mbili.

Vipindi viwili, dakika 80

Dakika 0 hadi 8. Soma karatasi sita za wiki iliyopita, bila kukisia ni za nani. Andika ubaoni majibu matatu tofauti ya swali la msiba. Usiyatolee hukumu.

8 hadi 14. Kipande, bila sauti. Watalalamika. Waambie sauti inakuja.

14 hadi 24. Kila mmoja agawe ukurasa kwa mstari katikati: kushoto NIMEONA, kulia NADHANI. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo usiharakishe. Chukua kipande cha filamu ya Malawi ambamo watu waliovaa vinyago wanatokea msibani. Mwanafunzi ataandika upande wa kushoto: "Nimeona wachawi." Usimwambie amekosea. Muulize: "Uchawi umeuona wapi? Nionyeshe kwa kidole." Atatafuta, hatauona, ataona vinyago, nguo za matambara, namna ya kutembea, watu wanaorudi nyuma. Basi aandike hivyo kushoto, na "wachawi" alihamishie kulia. Fanya hivyo kwa wanafunzi watatu mbele ya darasa zima. Wengine watajisahihisha kimyakimya, utasikia kalamu zikifuta.

24 hadi 30. Kipande kilekile, na sauti. Wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili hawasomi maandishi ya Kiingereza kwa kasi yanayopita nayo. Usitafsiri kwa kupiga kelele juu ya filamu, maana watakusikia wewe na filamu wote nusunusu. Wape karatasi yenye mistari minane ya mazungumzo kwa Kiswahili, waisome kabla.

30 hadi 45. Makundi ya wanafunzi sita, kila kundi na picha moja uliyoichapisha. Swali la kwanza: kwenye NADHANI zetu, ipi filamu imeithibitisha na ipi bado ni dhana? La pili: nani anazungumza sana, na nani yupo lakini hasemi? La tatu: picha hii ingekuwaje kama angeipiga mtu wa kijiji hicho mwenyewe? Mchague msemaji wa kundi wewe, na asiwe yule anayesemaga siku zote.

45 hadi 60. Makundi manne yatoe majibu, si yote kumi. Hapo sasa, baada ya wao kusema, ndipo unapotoa maarifa yako: Gule Wamkulu ni ngoma ya vinyago ya chama cha Nyau cha Wachewa, huchezwa msibani, kwenye unyago wa wavulana na kwenye kusimikwa kwa machifu, ipo Malawi, Zambia na Msumbiji, UNESCO iliitangaza kuwa urithi mwaka 2005. Ukiyasema hayo dakika ya kwanza wangeandika kwenye daftari na kuyasahau. Dakika ya 50 yanajibu swali walilonalo.

60 hadi 72. Rudi kwenye majibu matatu ya msiba yaliyo ubaoni. Kwetu marehemu anaheshimiwa kwa nini: kwa chakula, kwa wimbo wa kwaya, kwa kunyoa, kwa ukimya? Nani huja msibani kufanya mambo ambayo siku nyingine yangekuwa utovu wa adabu? Kuna mtoto atasema "watani", na darasa zima litaelewa ghafla kwamba hata sisi tuna watu wanaoingia msibani kwa kanuni zao, na mgeni angeshangaa.

72 hadi 80. Zoezi la nyumbani: amuulize mtu mzima mmoja jambo moja ambalo kipande kimemfanya ajiulize kuhusu kwao. Aandike mistari mitano, na amtaje kwa uhusiano tu, kama bibi, mjomba, au jirani.

Yanayoharibika, na kwa nini

Kicheko kitakuja. Dakika ya kwanza ya mavazi mageni au lugha ngeni darasa litacheka, na ukikemea unageuza kicheko kuwa siri. Simamisha picha. Uliza tumecheka nini hasa: vazi, sauti, au tulichokitarajia? Kisha endelea. Mara ya pili ya kutazama kicheko huwa kimepungua chenyewe.

Utani ndio mgumu zaidi, na huku kwetu usipoujua utaumia nao. Utani wa makabila ni desturi yenye mipaka: una watani wako, una mahali pake, na una wajibu ndani yake, kama kusaidia mazishi. Watu huuhusisha na vita na safari za biashara za zamani, ambapo waliopigana au kukutana njiani waligeuza uhasama kuwa ruhusa ya kutaniana. Kichekesho cha kwenye skrini kinachukua maneno ya mtani na kumpa mtu asiye mtani wa yeyote, mbele ya watazamaji wasio na wajibu wowote. Wanafunzi wataitetea dhihaka kwa kusema "ni utani tu, mwalimu". Wakubalie kwamba utani upo, kisha waulize: huyu ni mtani wa nani? Akifiwa, nani atamzika? Swali hilo hutenganisha utani na dhihaka haraka kuliko mahubiri.

Kuna dhihaka moja isiyopaswa kupitishwa kabisa, ile ya Wahehe na kujinyonga. Katika darasa la watu 60 hujui nani amefiwa hivyo nyumbani. Kama kipande chako kinaigusa, kikate. Kama mwanafunzi anaitamka, isimamishe palepale kwa sentensi moja, na baada ya kipindi mtazame aliyenyamaza kuliko wengine. Mwalimu wa malezi na unasihi ajulishwe siku hiyohiyo.

Kosa lingine huletwa na mwalimu mwenyewe: kumaliza kwa kusema sote ni sawa. Wanafunzi hawajaona usawa, wameona tofauti, na wanakuona unawafunika macho. Kosa la upande wa pili ni kumfanya kila mgeni kuwa wa kale. Mchewa ana simu, Mmasai anasomea sheria, na Mnyakyusa wa leo halali kwenye vile vijiji vya rika ambavyo wavulana wa zamani walijijengea mbali na baba zao. Kila unapoonyesha desturi, sema ni ya lini.

Na filamu zilizotafsiriwa na DJ? Usizitumie kama chanzo, kwa sababu DJ huongeza utani wake na kumpa Mhindi maneno ya Kariakoo. Lakini waulize wanafunzi kwa mdomo: DJ alikuchekesha wapi, na unadhani mhusika alisema nini kweli? Wengi hawajawahi kujiuliza.

Baada ya somo

Sahihisha kwa alama 20: 6 kwa kutenganisha NIMEONA na NADHANI, 6 kwa kutaja kitu ambacho filamu haikukionyesha, 5 kwa jibu la mtu mzima lililoandikwa kwa uaminifu, 3 kwa lugha. Usitoe alama kwa kukumbuka kisa.

Kama shule iko karibu na Iringa, somo la pili lifanyike nje. Kalenga lipo fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na mjini ipo makumbusho ya Boma. Wape kazi ileile ya safu mbili mbele ya kabati la vioo: nimeona nini, nadhani nini, na nani aliyechagua kukiweka hapa. Kwa wengine, mwalike mzee au mama mmoja aje na kitu mkononi. Kikapu cha milulu cha Iringa kinatosha kwa saa nzima, mradi aliyekileta anajua kukisuka.

Mwisho wanafunzi watengeneze dakika moja yao. Shule nyingi haziruhusu simu kwa wanafunzi, kwa hiyo itumike ya mwalimu, ikishikwa kwa ulalo. Picha tano, kila moja sekunde 12, bila kusogeza kamera: mahali, mikono, kifaa, uso, kitu kilichomalizika. Upepo wa Makambako utaharibu sauti, basi maelezo yarekodiwe baadaye ndani ya chumba. Aliyepigwa picha aitazame kwanza, kabla ya darasa, na akisema "hapa toeni", wanatoa bila kumuuliza sababu.